Magari manne, maduka 70 na foleni ya Dar: hisabati inaweza kupunguza nini?

Msomaji mmoja anayesambaza soda na maji ya chupa jijini Dar es Salaam ameniandikia, nami nimefupisha barua yake. Ana ghala Vingunguti na kenta nne, kila moja ikibeba kreti 200 (katoni za maji nazihesabu pamoja na kreti). Kila siku anahudumia maduka yapatayo 70 yanayoagiza jumla ya kreti karibu 900. Ameletewa programu ya kulipia ambayo muuzaji anadai kwamba hutafuta "njia fupi kuliko zote", lakini madereva wake wanasema hawaihitaji kwa kuwa mji wanaujua. Anauliza kama kweli hisabati inaweza kupanga magari vizuri kuliko dereva mzoefu, na kama hafai kuachana na programu hiyo na badala yake kununua gari la tano.

Ndugu msomaji, hisabati inaweza kukusaidia, na kwa ukubwa wa shughuli yako inaweza kukusaidia sana; lakini hiyo ahadi ya "njia fupi kuliko zote" ndiyo ningeipa uzito mdogo kabisa kati ya yote uliyoelezwa na muuzaji. Programu ya aina hii hutafuta jibu lililo bora kwa kipimo ilichopewa na kwa masharti iliyoelezwa. Ikiwa imepewa kilomita ilhali wewe unaumizwa na dakika, au haikuambiwa kwamba mteja wako wa Tandika hapokei mzigo baada ya saa nne asubuhi, italeta jibu sahihi la swali ambalo si lako. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu namna ya kuliuliza swali, na sehemu ndogo tu itahusu mashine inayolijibu.

Ugumu wa swali lenyewe unaonekana mara tu unapoanza kuhesabu. Gari moja lenye wateja 10, likitoka ghalani na kurudi ghalani, lina mizunguko tofauti 1,814,400, hata tukiuchukulia mzunguko na kinyume chake kuwa kitu kimoja. Wateja wakiwa 20, idadi inapita bilioni 1.2 mara bilioni moja, na kompyuta inayopima mizunguko bilioni moja kwa kila sekunde ingehitaji takriban miaka 38 kuimaliza. Hapo bado hatujaamua ni maduka yapi yapewe gari lipi, jambo ambalo kwa maduka 70 na magari manne linaipeleka hesabu mahali pasipofikiwa na mashine yoyote kwa njia ya kujaribu moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo hakuna anayejaribu njia zote, na ufundi wote wa fani hii uko katika kuepuka kufanya hivyo. Mwaka 1954 George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson, waliokuwa katika taasisi ya RAND huko California, walitafuta mzunguko mfupi kuliko yote wa kupitia miji 49 ya Marekani, wakathibitisha kwamba hakuna ulio mfupi zaidi bila kuipima mizunguko mingine mmoja mmoja. Waliliandika tatizo kwa milinganyo sahili inayotatuliwa kwa urahisi, na kila jibu lilipotoka likiwa halifanyi mzunguko halali, waliongeza sharti jipya lililoliondoa jibu hilo bila kugusa mzunguko wowote ulio halali. Uzuri wa njia hiyo, ambao wauzaji wengi wa programu hawautaji, ni kwamba inakupa kikomo cha chini. Hujui tu kwamba mpango wako unachukua saa 20 za magari yote; unajua pia kwamba hakuna mpango wowote duniani, kwa maduka hayo na masharti hayo, unaoweza kushuka chini ya saa 19, na hivyo kilichobaki cha kugombania ni saa moja tu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1959, Dantzig na John Ramser waliandika juu ya tatizo linalofanana kabisa na lako: malori ya petroli yanayotoka kwenye bohari moja kwenda vituo vingi, kila lori likiwa na ujazo wake. Ujazo huo ndio unaolifanya tatizo kuwa gumu kuliko lile la msafiri mmoja anayepitia miji yote. Mwaka 2006 watafiti walikwisha kuthibitisha mzunguko mfupi kuliko yote wa pointi 85,900 zilizotokana na utengenezaji wa chipu ya kompyuta, ilhali kugawa wateja mia chache kwa magari yenye ujazo maalumu bado kunaweza kuishinda programu bora kabisa isiweze kuthibitisha kwamba jibu lake ndilo la mwisho kwa ubora. Muuzaji wako anapotaja "fupi kuliko zote", mwombe akuonyeshe kikomo cha chini. Akikuonyesha, ana bidhaa ya maana. Asipoelewa unachouliza, basi hayo ni maneno ya biashara tu.

Lakini wewe huhitaji uthibitisho, unahitaji mpango mzuri kila asubuhi kabla ya magari kupakiwa, na mpango mzuri unapatikana kwa njia nyepesi zaidi. Mwaka 1964 Waingereza wawili, Clarke na Wright, walitoa njia ya kuokoa ambayo hata leo ningemfundisha mtu yeyote anayepanga magari, kwa sababu inafanyika kwa kalamu na karatasi na inafundisha macho kuona mahali muda unapopotea. Unaanza na mpango mbaya kabisa, ambao kila mteja anapelekewa gari lake peke yake na gari linarudi. Kisha kwa kila jozi ya wateja unauliza: nikiwaunganisha hawa wawili katika safari moja, naokoa nini? Unajumlisha muda wa ghalani hadi kwa wa kwanza na muda wa ghalani hadi kwa wa pili, halafu unatoa muda wa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Jozi yenye akiba kubwa inaunganishwa kwanza, kisha inayofuata, alimradi gari lisizidishiwe mzigo.

Tuchukue wateja watano tu, kwa namba za mfano nilizozitunga ili hesabu ionekane. Kutoka ghala la Vingunguti ni dakika 25 hadi Tandika, 45 hadi Mbagala, 35 hadi Sinza, 45 hadi Mwenge na 50 hadi Kimara. Tandika wanataka kreti 60, Mbagala 50, Sinza 70, Mwenge 60 na Kimara 80. Kila mmoja akipelekewa peke yake, magari yanatumia dakika 400 barabarani. Sasa Sinza na Mwenge zimetengana kwa dakika 12, hivyo kuziunganisha kunaokoa 35 na 45, ukitoa 12, yaani 68. Mwenge hadi Kimara ni dakika 40, akiba ni 55. Sinza hadi Kimara ni 35, akiba ni 50. Tandika hadi Mbagala ni 30, akiba ni 40. Jozi zilizobaki, zinazounganisha upande wa kusini na upande wa kaskazini na magharibi, hazivuki akiba ya dakika 10.

Tunaunganisha Sinza na Mwenge, mzigo unakuwa kreti 130. Tunataka kuongeza Kimara, lakini mzigo ungefika kreti 210 na gari linabeba 200, basi haiwezekani. Tunaunganisha Tandika na Mbagala, kreti 110. Kimara imebaki pweke, na gari lenye nafasi ya kreti zake 80 ni hilo la kusini, kwa hiyo linalazimika kutoka Mbagala hadi Kimara kwa dakika 85, kwa akiba ndogo ya dakika 10. Jumla inakuwa dakika 282. Ukizipima namna nyingine zote za kuwagawa wateja hawa kwa magari mawili, hutapata iliyo chini ya hapo, maana yake hisabati imemaliza kazi yake.

Imemaliza kazi yake kwa masharti iliyopewa, na hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo. Kilichoifukuza Kimara kwenda kuungana na Mbagala ni kreti 10 tu. Mteja wa Kimara akikubali kreti 70 leo na 10 zilizobaki kesho, gari la kwanza linakwenda Sinza, Mwenge, Kimara na kurudi kwa dakika 137, la pili linakwenda Tandika, Mbagala na kurudi kwa dakika 100, na jumla inashuka hadi 237. Simu moja imeokoa dakika 45, akiba ambayo hakuna programu ingeweza kuipata, kwa sababu hakuna aliyeiambia programu kwamba oda ya Kimara inazungumzika. Kwa uzoefu wangu, faida kubwa ya kuandika tatizo kihisabati ni hii: linakuonyesha sharti lipi ni ghali, ili ujue pa kwenda kubembeleza.

Baada ya mpango wa kwanza huja hatua ya kuunyoosha. Chora mzunguko wa kila gari kwenye ramani. Ukiona gari limekata mstari wake lenyewe, ujue kuna njia fupi zaidi, kwa kuwa ukizikata hizo njia mbili zinazopishana na kuziunga upya bila kupishana, umbali wa mstari ulionyooka hupungua daima. Katika barabara halisi kanuni hii inaweza kuvunjwa na daraja, reli au barabara ya upande mmoja, lakini ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza. Programu hufanya mabadiliko ya namna hiyo maelfu kwa maelfu, ikihamisha duka moja kutoka gari hili kwenda lile na kupima upya, na kwa maduka 70 hiyo ni kazi ya dakika chache kwa kompyuta ya kawaida.

Sasa nirudi kwenye kipimo. Dar es Salaam haipimwi kwa kilomita. Kutoka Vingunguti hadi Mwenge saa tano asubuhi na kutoka Vingunguti hadi Mwenge saa kumi na moja jioni ni safari mbili tofauti, ingawa mita ya gari itaonyesha umbali uleule. Jedwali lako la muda linapaswa kuwa na angalau sura tatu, yaani foleni ya asubuhi, utulivu wa mchana na foleni ya jioni, na linapaswa kutofautisha kwenda na kurudi, kwa sababu asubuhi Barabara ya Morogoro inajaa kuelekea mjini na jioni inajaa kuelekea Kimara. Gari linalotoka Vingunguti kwenda Kimara asubuhi linakwenda kinyume na umati, na hiyo ni neema ambayo mpango wa kilomita hauioni. Hata upande wa kukatia kona una bei yake. Kampuni ya UPS ya Marekani, iliyopata tuzo ya Franz Edelman mwaka 2016 kwa mfumo wake wa kupanga njia uitwao ORION, inafahamika kwa kuepuka kukata kona kushoto, kwani huko wanaendesha upande wa kulia na kona ya kushoto inakulazimu usubiri magari yanayokuja mbele yako. Kwetu tunaendesha kushoto, hivyo kona ya gharama ni ya kulia, hasa pasipo na taa za barabarani.

Hapa ndipo madereva wako wanapostahili kusikilizwa, si kama wapinzani wa programu bali kama chanzo cha masharti yake. Dereva anajua mtaa upi hujaa meza za wachuuzi ikifika saa mbili, uchochoro upi haupitiki mvua ikinyesha, mwenye duka yupi hulipa papo hapo na yupi humfanya utingo asubiri. Niliwahi kumpangia magari msambazaji mmoja wa mikate, na mpango wangu wa kwanza, uliokuwa mzuri sana kwenye karatasi, ulilipeleka gari kwenye mtaa wa soko wakati ambao hata mkokoteni haupiti. Dereva alikuwa analijua hilo tangu mwanzo, ila hakuna aliyemuuliza. Kitu ambacho dereva hawezi kukifanya, hata awe mzoefu vipi, ni kuona magari manne kwa mara moja. Kila mmoja huunyoosha mzunguko wake vizuri sana, lakini duka lililopewa gari lisilo lake hubaki hapo kwa miaka, kwa kuwa hakuna dereva mwenye mamlaka ya kulihamisha. Akiba nyingi ninazoziona hutoka katika kugawa maduka upya kati ya magari, na chache tu hutoka katika kubadili mpangilio ndani ya gari moja.

Kuna sharti moja la biashara yako ambalo programu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya vifurushi hazilijui, nalo ni chupa tupu. Gari la vifurushi hupungua mzigo kila linaposimama. La soda hushusha kreti zilizojaa na kupakia zenye chupa tupu. Tuseme gari limetoka na kreti 190, na duka moja linachukua 10 huku likirudisha 40 lililokuwa limezilimbikiza. Likitembelewa kwanza, gari lingehitaji nafasi ya kreti 220, na utingo ataziacha chupa pale pale. Likitembelewa mwisho, baada ya maduka mengine kuchukua mizigo 180 ambayo 80 kati yake ni maji yasiyorudisha chochote na 100 ni soda zilizobadilishwa moja kwa moja, gari linafika hapo na mizigo 110 na kuondoka na 140 bila taabu. Mzunguko ni uleule, dakika zinakaribiana, lakini upande mmoja unawezekana na mwingine hauwezekani. Kabla ya kulipa hata shilingi, muulize muuzaji kama programu yake inahesabu mzigo unaopanda njiani pamoja na unaoshuka. Jibu likiwa hapana, usiinunue.

Kuhusu takwimu, wiki mbili zinatosha kuanza. Mpe kila utingo daftari au simu aandike muda wa kufika na muda wa kuondoka katika kila duka, na achukue mahali duka lilipo kwa simu, kwa kuwa jina la mtaa peke yake halitoshi. Ghala na maduka 70 yanafanya jozi 4,970 za kwenda na kurudi ambazo hakuna atakayezipima kwa gari, lakini ramani huria ya OpenStreetMap inaweza kuzikadiria, na Dar es Salaam imebahatika katika hilo, kwa sababu mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa na vichochoro vya kata nyingi. Makadirio hayo uyasahihishe kwa daftari zako. Kwa kukokotoa, OR-Tools, zana ya Google ya kutatua matatizo ya namna hii, inapatikana bure na inakubali ujazo, saa za kupokea mzigo na mizigo inayopanda. Itahitaji kijana anayejua kuandika programu, na malipo yake huenda yakawa madogo kuliko ada utakayotozwa kila mwezi. Ukitaka kulinganisha, chukua oda za siku kumi zilizopita, upime walichofanya madereva na kilichopendekezwa na programu kwa jedwali lilelile la muda. Usilinganishe mwezi huu na mwezi uliopita, maana foleni hubadilika na itaipa programu sifa au lawama isizostahili.

Daftari hizo zitakuonyesha pia muda unaopotea gari likiwa limesimama. Ikiwa kila duka linachukua dakika 15 za kushusha, kuhesabu na kupokea fedha, maduka 70 yanakula dakika 1,050, takriban 262 kwa kila gari, na hakuna mzunguko wowote unaoweza kuzigusa. Ukipunguza dakika tatu tu katika kila duka, kwa kupakia kreti kwa mpangilio wa kushushwa na kutayarisha ankara tangu ghalani, umeokoa dakika 210, yaani saa tatu na nusu kwa siku. Ningeanza hapo kabla ya kununua programu yoyote.

Na gari la tano? Kreti 900 ukizigawa kwa 200 unapata nne na nusu, kwa hiyo safari haziwezi kupungua tano, na kwa kuwa oda za maduka hazigawanyiki ovyo, siku nyingine zitakuwa sita. Lakini safari tano si magari matano. Gari linalohudumia maduka ya Buguruni, Kiwalani na Tabata, yaliyo karibu na ghala, linaweza kurudi kupakia na kutoka tena kwa gharama ndogo ya barabara, ilhali lile la Mbagala haliwezi. Katika kuandika tatizo, ruhusu kila gari safari mbili, weka muda halisi wa kupakia upya, na weka kikomo cha saa za kazi za dereva na utingo. Kisha pitisha humo oda za siku 20 za kawaida. Zikiwa ni siku mbili au tatu za kuelekea sikukuu ndizo zinazoshindikana, kodi gari kwa siku hizo. Zikishindikana siku nyingi kati ya hizo 20 hata baada ya kuzipunguza dakika za madukani, hapo nunua gari la tano, na jedwali lako litakuwa limekwisha kukuonyesha litahudumia upande gani wa mji.